Leopold Auer: mwalimu wa fidla aliyewatafutia wanafunzi wake sauti na makazi

Fidla ni ala inayofahamika vyema kwa wapenzi wa taarab, ambao wameisikia miaka mingi ikitangulia sauti ya mwimbaji katika vikundi vya Zanzibar na Mombasa. Katika muziki wa okestra wa Ulaya, ala hiyo ndogo yenye nyuzi nne ilipata, mwanzoni mwa karne ya 20, wapigaji ambao majina yao yalienea duniani kupitia sahani za santuri: Mischa Elman, Efrem Zimbalist, Jascha Heifetz, Toscha Seidel na Nathan Milstein. Wote walizaliwa katika Himaya ya Urusi. Wote walikuwa watoto wa familia za Kiyahudi. Na wote walipita katika darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja.

Mwalimu huyo ni Leopold Auer, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha katika Chuo cha Muziki cha St Petersburg kwa muda wa miaka 49. Jina lake halikuvuma sana nje ya Urusi kwa upigaji wake mwenyewe, ingawa alikuwa mpigaji hodari. Lilivuma kwa sababu ya watoto aliowalea kimuziki, na kwa sababu baadhi yao wasingeweza hata kulala katika mji aliofundishia kama asingesimama kuwatetea.

Mtoto wa mpaka rangi

Auer alizaliwa tarehe 7 Juni 1845 katika mji wa Veszprém, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi isiyokuwa na kitu. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Katika mazingira kama hayo fidla ilikuwa na faida moja kubwa: ilikuwa ndogo, ilibebeka, na mtoto aliyeimudu aliweza kuwatafutia wazazi wake riziki.

Masomo ya kwanza aliyapata mjini kwao. Kisha alipelekwa Budapest, akafundishwa na Ridley Kohné, kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya opera. Onyesho lake la utotoni liliwavutia wafadhili, na kwa msaada wao akaenda Vienna kusoma kwa Jakob Dont. Mwalimu huyo alitunga mazoezi ya fidla ambayo wanafunzi wanaendelea kuyatumia hadi leo. Baadaye Auer alikiri kwamba msingi wote wa mikono yake aliupata kwa Dont. Mwalimu yule hakuwa mtu wa majukwaa makubwa. Alikuwa mtu wa kurudia jambo dogo mpaka liwe sawa.

Fedha zilipokwisha, Auer alikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Masomo yalikatika. Baba na mwana wakaanza kuzunguka miji midogo ya mikoani, mtoto akipiga na baba akitafuta kumbi na wasikilizaji, ili nyumbani kupatikane chakula. Miaka hiyo ya kuzunguka ilimzoesha kusimama mbele ya watu, lakini pia ilimtia tabia mbaya za upigaji, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kumrekebisha.

Somo la Graz

Ubaya wa tabia hizo ulidhihirika katika mji wa Graz, nchini Austria. Siku hizo alikuwako huko Henri Vieuxtemps, Mbelgiji aliyekuwa miongoni mwa wapiga fidla mashuhuri kabisa wa zama zake. Baba yake Auer alifanikiwa kupata nafasi ili kijana wake asikilizwe, kwa tumaini kwamba neno jema kutoka kwa bingwa huyo lingemfungulia milango.

Kijana alipiga tungo la Vieuxtemps mwenyewe, huku mke wa bingwa huyo akimfuata kwa piano. Akitaka kuonyesha hisia, alivitelezesha vidole kutoka noti moja hadi nyingine, tena na tena, mpaka fidla ikawa kama inalia. Kabla hajafika mwisho, mama huyo aliinuka kwenye piano akaanza kuinama na kuchungulia chini ya meza na viti, kana kwamba anamtafuta paka aliyekuwa akilia mle chumbani. Baba na mwana waliondoka wakiwa wamefedheheka.

Auer hakulisahau tukio hilo maisha yake yote. Alipokuwa mwalimu, jambo aliloliandama kwa ukali kuliko mengi ni hilo hilo la kuteleza ovyo juu ya nyuzi. Aliruhusu kuteleza mahali ambapo wimbo unashuka wenyewe, kama mwimbaji anavyoishusha sauti yake, na hakuvumilia kuteleza kwa mazoea.

Mlango uliomfaa ulifunguka Hanover, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1860. Huko aliishi Joseph Joachim, naye Myahudi wa Hungaria, rafiki wa mtunzi Johannes Brahms na mkuu wa muziki wa fidla katika jumba la mfalme wa Hanover. Joachim alikuwa na wanafunzi wachache tu. Hakuwa na desturi ya kueleza namna ya kushika upinde au kuweka vidole. Kosa likitokea, alichukua fidla yake akapiga sehemu ile jinsi alivyotaka isikike. Mwanafunzi aliyeweza kuona na kusikia alifaidika, na asiyeweza aliondoka kama alivyokuja.

Kwa Auer, miaka ile miwili ilikuwa ya kuzaliwa upya. Alijifunza kwamba fidla si mchezo wa kasi ya vidole, na kwamba mpigaji humtumikia mtunzi. Hata hivyo, aliuona pia upungufu wa njia ya Joachim. Alipopata wanafunzi wake mwenyewe, aliungana na mwalimu wake katika kuutukuza muziki, lakini akaongeza jambo ambalo Joachim hakulijali sana: kumtazama kila mwanafunzi alivyo na kutafuta kinachomzuia.

Mkataba wa miaka mitatu

Baada ya Hanover, Auer aliongoza wapiga fidla katika okestra za Düsseldorf na Hamburg. Mwaka 1868 alikwenda London, na huko akapiga tungo la Beethoven la ala tatu pamoja na mpiga piano Anton Rubinstein na mpiga selo Alfredo Piatti. Rubinstein ndiye aliyekuwa ameanzisha Chuo cha Muziki cha St Petersburg mwaka 1862, na chuo kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kushika nafasi ya Henryk Wieniawski, bingwa wa Kipoland.

Auer alipewa mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka 23. Alifika katika mji mkuu wa Urusi akiwa mgeni, akabaki humo mpaka alipokuwa na miaka 72.

Kazi yake haikuwa ya darasani pekee. Alikuwa mpiga fidla wa peke yake katika ukumbi wa baleti wa kifalme, kwa hiyo alipiga sehemu za fidla katika baleti za Tchaikovsky na Glazunov huku wachezaji wakicheza mbele yake. Aliongoza kikundi cha wapiga ala wanne, yaani fidla mbili, viola na selo, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa nguzo ya muziki wa chemba mjini humo. Aliongoza okestra pia. Alibatizwa katika Kanisa la Orthodoksi, akawa raia wa Urusi, na mnamo miaka ya 1890 akapewa cheo cha uungwana ambacho wazao wake wangekirithi. Mtoto wa mpaka rangi wa Veszprém alikuwa sasa mtu wa jumba la kifalme.

Kosa la mwaka 1878

Jambo moja katika maisha ya Auer linasimuliwa mara nyingi kuliko mengine, nalo halimpi sifa. Mwaka 1878, Pyotr Tchaikovsky, akiwa Clarens nchini Uswisi, alitunga koncheto yake ya fidla na okestra kwa majuma machache tu. Aliandika kwamba anamtunukia Leopold Auer, akitarajia kwamba mpiga fidla mkuu wa St Petersburg ndiye angeitoa kwa mara ya kwanza.

Auer aliipokea nota, akaisoma, akasita. Aliona kwamba baadhi ya sehemu hazikulingana na tabia ya fidla na zilihitaji kurekebishwa. Alikusudia kufanya marekebisho hayo, lakini aliahirisha, kisha akaahirisha tena. Onyesho lililokuwa limepangwa likafutwa. Habari zikaenea kwamba tungo hilo halipigiki, na kwa kuwa neno lilitoka kwa mtu mwenye uzito kama Auer, wapigaji wengine nao wakaliogopa.

Ni Adolph Brodsky, Mrusi mwingine, aliyelitoa hatimaye mjini Vienna tarehe 4 Desemba 1881. Mhakiki Eduard Hanslick alilishambulia vikali katika gazeti, na Tchaikovsky aliyabeba maneno hayo moyoni kwa miaka mingi. Hata hivyo, hadhira ilizidi kulipenda kadiri lilivyopigwa. Tchaikovsky alilifuta jina la Auer na kuweka la Brodsky. Alifuta pia jina la Auer katika tungo lingine dogo la mwaka 1875 alilokuwa amemtunukia.

Auer hakulikana kosa lake. Katika uzee wake alieleza hadharani kwamba kuchelewa kule kulikuwa kwake, na kwamba mtunzi alikuwa na haki ya kuudhika. Baadaye alilipiga mwenyewe, akalitengenezea chapa yenye mabadiliko kadhaa na vipande vilivyofupishwa, kisha akalifundisha darasani mwaka hadi mwaka. Elman, Zimbalist, Heifetz na Milstein walilipeleka kila mahali walipokwenda. Koncheto ambayo mwalimu aliikawiza iliingia katika masikio ya dunia kwa mikono ya wanafunzi wake, na leo ni miongoni mwa zinazopigwa zaidi.

Watunzi wengine hawakumtupa. Alexander Glazunov alimtunukia koncheto yake ya fidla, na Auer aliitoa kwa mara ya kwanza mjini St Petersburg mwaka 1905, mtunzi mwenyewe akiongoza okestra. Wakati huo mpigaji alikuwa anakaribia umri wa miaka 60.

Darasani

Kwa zaidi ya miaka 30 ya kwanza, Auer alitoa wapigaji wazuri wa okestra na walimu wa miji ya mikoani. Hapakuwa na jina lililotikisa dunia. Sifa ya ualimu ilimfikia akiwa na mvi, karne ya 20 ilipoanza, pale watoto wa ajabu kutoka miji ya magharibi na kusini mwa himaya walipoanza kuletwa kwake.

Darasa lake lilikutana mara mbili kwa juma, na halikuwa darasa la faragha. Kila mwanafunzi alipiga mbele ya wenzake wote, akifuatwa na piano, kama vile yuko jukwaani. Wageni waliruhusiwa kuketi na kusikiliza. Aliyekuja bila kujiandaa aliaibika mbele ya watu, na aliyekuja amejiandaa aliwapa wengine sababu ya kurudi nyumbani kufanya mazoezi. Auer aliitambua nguvu ya ushindani huo akaitumia kwa makusudi.

Hakupoteza muda wa darasa kwa mambo ya vidole. Mwanafunzi aliyekuwa na dosari za msingi alipelekwa kwanza kwa wasaidizi wake. Heifetz mwenyewe, alipofika St Petersburg mwaka 1910 akiwa na miaka tisa, alianzia kwa msaidizi Ioannes Nalbandian kabla ya kuingia katika darasa la mkuu. Kwa Auer mwenyewe, swali lilikuwa muziki: sentensi ya wimbo inaanzia wapi, inapumua wapi, inaelekea wapi. Aliwataka wanafunzi wauimbe wimbo kwa midomo yao kabla ya kuupiga kwa upinde.

Jambo la pili lilikuwa sauti. Aliwahimiza waufanye uzi utoe sauti nene na safi kwa uzito wa asili wa mkono, pasipo kuukandamiza. Mwandishi na mwalimu Carl Flesch, alipoainisha namna za kushika upinde, aliipa moja jina la ushikaji wa Kirusi, baada ya kuwachunguza wanafunzi wa Auer: kidole cha shahada huuzunguka mti wa upinde kwa undani zaidi, na hivyo mkono husukuma uzi bila kujitahidi. Auer mwenyewe hakudai kwamba alibuni kanuni hiyo. Alisisitiza kwamba mikono ya watu haifanani, hivyo hapawezi kuwapo amri moja kwa wote.

Jambo la tatu lilikuwa akili. Alifundisha kwamba saa nyingi za kupiga bila kufikiri huharibu kuliko kujenga. Mwanafunzi apige kwa muda mfupi, apumzike, asikilize alichokifanya, kisha arudi. Anayetegemea vidole peke yake hatatosheka na siku nzima, na anayetumia kichwa atamaliza kazi mapema.

Alikuwa mkali. Alipaza sauti, aliwafukuza watu darasani, na nota ziliweza kuwafuata mlangoni. Wanafunzi walimwogopa, lakini walijua pia upande wake wa pili. Aliwatafutia wafadhili, ala bora, posho za masomo na barua za kuwatambulisha kwa wenye kumbi Berlin na London. Alijali namna walivyovaa na walivyoingia jukwaani, kwa kuwa alijua watoto wa maskini huhukumiwa kwa viatu kabla ya kuhukumiwa kwa muziki.

Wasichana nao walikuwamo. Kathleen Parlow, mzaliwa wa Calgary nchini Kanada, aliingia darasani mwaka 1906 na kuwa mgeni wa kwanza kutoka nje kusoma katika chuo hicho. Cecilia Hansen alikuwa mwingine, na baadaye Isolde Menges kutoka Uingereza. Katika zama ambazo wengi waliona kwamba mwanamke hafai kusimama na fidla mbele ya okestra, Auer aliwapima kwa masikio.

Haki ya kulala mjini

Ugumu mkubwa uliowakabili wengi wa wanafunzi hao haukuwa wa muziki. Sheria za Himaya ya Urusi ziliwazuia Wayahudi kuishi nje ya mikoa ya magharibi na kusini waliyotengewa tangu mwisho wa karne ya 18. St Petersburg ilikuwa nje ya eneo hilo. Ili kuishi mjini humo, Myahudi alihitaji kibali, na aliyekamatwa bila kibali alirudishwa alikotoka.

Mwanafunzi aliyesajiliwa katika Chuo cha Muziki alipata ruhusa ya kukaa. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa yake peke yake. Mtoto wa miaka tisa, kumi au kumi na miwili alipewa haki ya kuishi katika mji mkuu, na baba na mama yake hawakupewa. Sheria haikujiuliza nani angempikia, nani angemlaza, nani angemshika mkono kumvusha barabara katika majira ya theluji.

Auer alimsikia Mischa Elman alipokuwa mtoto huko kusini mwa himaya, ambako alikuwa amesoma mjini Odessa kwa Alexander Fiedemann, akamtaka aje St Petersburg. Wakuu walikuwa tayari kumpokea mtoto, ila si baba yake. Auer alipeleka maombi, yakakataliwa. Ndipo alipowajulisha wakuu kwamba, ikiwa baba hatapewa kibali, yeye mwenyewe ataacha kazi. Profesa mwenye cheo cha uungwana na mpigaji wa jumba la kifalme hakuwa mtu wa kupuuzwa. Kibali kikatolewa. Mwaka 1904 Elman, akiwa kijana wa miaka 13, alipiga Berlin, na tangu hapo milango ya Ulaya ikawa wazi kwake.

Kwa Heifetz, vitisho havikuhitajika, bali werevu. Mtoto huyo aliletwa kutoka Vilnius, ambako mwalimu wake wa kwanza chuoni, Ilya Malkin, alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Auer. Tatizo lilikuwa lile lile: mtoto aruhusiwa, baba akataliwa. Baba yake, Ruvin, alikuwa mpiga fidla naye, mtu mzima mwenye familia. Suluhisho likawa kumwandikisha baba huyo kama mwanafunzi katika darasa la Auer, ingawa alikuwa amepita kwa mbali umri wa kuanza masomo. Glazunov, aliyekuwa mkuu wa chuo, hakupinga. Karatasi zikaonyesha wanafunzi wawili wenye jina moja la ukoo, na sheria ikaridhika. Familia ikapata mahali pa kulala.

Hayo hayakuibadili sheria. Wayahudi wengi waliendelea kufukuzwa katika mji huo huo, na mpaka ule haukufutwa hadi mapinduzi ya mwaka 1917. Aliyekuwa na kipaji cha kushangaza alipata mtu wa kumtetea, na asiye nacho hakumpata. Auer, aliyezaliwa Myahudi na kuvuka kwa ubatizo na cheo, alitumia nafasi aliyoipata kwa watoto waliofika mlangoni pake. Zaidi ya hapo hakuenda, na pengine asingeweza.

Vita na safari ya uzeeni

Katika miaka ya mwisho kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Auer alikuwa akifundisha majira ya joto huko Loschwitz, karibu na Dresden, Ujerumani. Vita vilipolipuka mwaka 1914, yeye na baadhi ya wanafunzi wake, akiwamo Heifetz, walijikuta katika nchi ya adui wakiwa na hati za Urusi. Walitoka kwa taabu. Majira ya joto yaliyofuata alihamishia masomo yake Norway, nchi isiyoshiriki vita.

Mwaka 1917 ulimkuta huko huko. Urusi aliyoitumikia ilikuwa imeporomoka, na mali aliyoijenga kwa karibu nusu karne ikabaki nyuma yake. Wakati huohuo, familia ya Heifetz ilipita Siberia na Japani kuelekea Marekani, na tarehe 27 Oktoba 1917 kijana huyo wa miaka 16 alipiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Inasimuliwa kwamba Elman, aliyekuwa ameketi kusikiliza, alilalamika kwamba ukumbini kuna joto, na mpiga piano Leopold Godowsky aliyekuwa karibu naye akamjibu kwamba wapiga piano hawalihisi.

Auer aliwasili New York Februari 1918. Alikuwa na umri wa miaka 72, hana chuo, hana jumba la kifalme, ila ana jina lililotanguliwa na wanafunzi wake. Mwezi uliofuata alipiga hadharani katika Carnegie Hall. Kisha akafungua darasa nyumbani. Vijana wa Kimarekani walipanga foleni, wengi wao wakitarajia kwamba kulikuwa na siri fulani ya Kirusi ambayo mzee huyo angewafunulia.

Hakuwa na siri. Aliyokuwa nayo aliyaandika katika kitabu cha mwaka 1921 kuhusu ufundishaji wake wa fidla, kisha katika kumbukumbu za maisha yake za mwaka 1923, na mwaka 1925 katika kitabu cha tatu kuhusu namna ya kuzipiga kazi kubwa za fidla. Katika vitabu hivyo alirudi mara nyingi kwenye ushauri wa kawaida: simama vizuri, sikiliza, usiharakishe, usiige.

Katika maandishi hayo aliukemea pia mtindo wa kuutetemesha uzi kwa kidole wakati wote. Mtetemo, kwake, ulikuwa pambo la kutumiwa kwa kiasi, na kuutumia katika kila noti aliuona kama ugonjwa wa mishipa. Lakini waliopendwa zaidi katika santuri, Elman, Seidel na Heifetz, ndio walioujaza mtetemo katika upigaji wao. Mwaka 1920, alipotimiza miaka 75, Auer alirekodi vipande viwili, kimoja cha Brahms na kingine cha Tchaikovsky. Anayesikiliza rekodi hizo husikia mtindo wa karne ya 19: sauti iliyonyooka, mtetemo haba, na wimbo unaotembea kwa uhuru. Wanafunzi hawakuwa nakala ya mwalimu. Kwa mtu aliyewakataza kuiga, hilo halikuwa kushindwa.

Kulikuwa pia na hoja kwamba sifa yake ilizidishwa. Elman aliletwa kwake akiwa ameshajengwa na Fiedemann, Milstein akiwa ameshajengwa na Pyotr Stolyarsky wa Odessa, Heifetz na Malkin. Zimbalist alianza kwa baba yake, mwongozaji wa okestra huko Rostov. Hoja hiyo ina ukweli. Nyuma ya darasa maarufu la mji mkuu walikuwapo walimu wa miji ya mbali ambao ulimwengu haukuwataja. Kazi ya Auer ilikuwa ile ngumu ya hatua ya mwisho, ya kumpokea mtoto mwenye vidole vya ajabu na kumrudisha akiwa mwanamuziki.

Mwisho na urithi

Aprili 1925, wakati umri wake wa miaka 80 ulipokaribia, sherehe ya muziki ilifanyika kwa heshima yake katika Carnegie Hall. Sergei Rachmaninoff na Josef Hofmann walikuwapo kwa piano, Heifetz na Zimbalist kwa fidla. Mwaka 1926 alichukua uraia wa Marekani na kuanza kufundisha katika Taasisi ya Sanaa ya Muziki ya New York, na mwaka 1928 akajiunga na Taasisi ya Curtis mjini Philadelphia. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwisho alikuwa mtoto Oscar Shumsky, ambaye baadaye alikuja kuheshimiwa kama mpigaji na mwalimu.

Leopold Auer alifariki tarehe 15 Julai 1930 huko Loschwitz, alikokuwa amekwenda kwa mapumziko ya majira ya joto. Alikuwa na umri wa miaka 85. Mwili wake ulisafirishwa na kuzikwa katika makaburi ya Ferncliff, jimbo la New York. Mjukuu wake, Mischa Auer, aliyemlea huko Marekani baada ya misukosuko ya mapinduzi, alikuwa mwigizaji maarufu wa filamu za Hollywood.

Zimbalist aliongoza Taasisi ya Curtis kuanzia mwaka 1941 hadi 1968. Heifetz, aliyekuwa na jina la kutofikika jukwaani, katika uzee wake alifungua darasa la fidla katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Wanafunzi walipiga mbele ya wenzao, piano ikiwafuata, mwalimu akiwakagua mavazi yao na namna walivyoingia mlangoni.